Mungu Alimwumba Mamba kwa Faida Gani?

Ni swali ambalo wakatekumeni wa vijiji vya mtoni hawachoki kuuliza. Katekista amefundisha kwamba Mungu aliumba vitu vyote, na kwamba vyote alivyoviumba ni vyema. Mzee mmoja anainuka huko nyuma na kusema: «Na mamba je, mwalimu? Yule anayekamata watoto wetu na kupasua nyavu zetu, naye ni mwema?» Katekista asiyejitayarisha anajibu upesi kwamba hayo ni mafumbo, kisha anageuza ukurasa. Watu wananyamaza, lakini hawakujibiwa.

Swali hilo linastahili jibu. Sehemu moja ya jibu inatoka katika imani, sehemu nyingine inatoka katika elimu ya viumbe, nazo hazipigani. Katika kurasa hizi tutaangalia kwanza maji ya nchi yetu na mamba wanaokaa humo. Halafu kazi wanayoifanya. Halafu hatari yao, pamoja na uwongo unaosemwa juu yao. Na mwisho namna ya kuyafundisha mambo hayo.

I. Maji ya Masisi na maji ya Walikale

Anayetoka Masisi kwenda Walikale anashuka. Milima mingi ya Masisi inapita meta 2,000. Huko kuna baridi, kuna malisho ya ng'ombe, mashamba ya viazi na maharagwe, na maziwa madogo ya Mokoto, ambapo watawa Watrapisti walianzisha monasteri yao mwaka 1954. Walikale-centre iko chini ya meta 1,000, katika joto la pori kubwa. Teritwari ya Walikale peke yake inapita kilometa za mraba 23,000. Haipungui sana kwa nchi nzima ya Rwanda.

Maji nayo yanashuka kwa njia ileile. Mto Oso unapokea maji ya vilima vya Masisi na kuyapeleka katika mto Lowa. Luhoho unaleta maji ya upande wa Hombo. Lowa unapita Walikale, unakwenda magharibi katikati ya pori, na kumwaga maji yake katika Lualaba, kabla ya kufika Ubundu. Lualaba, ukiisha kupita maporomoko ya Boyoma karibu na Kisangani, ndio mto Kongo wenyewe. Katika safari hiyo ndefu maji hayapiti tu mtoni. Kila mara mvua inapojaa, yanatoka nje ya kingo, yanaingia chini ya miti, yanalala katika mabonde, na kufanya vinamasi na mahali pa potopoto. Huko samaki wengi wanataga mayai, na huko ndiko nyama tunayemzungumzia anakokaa.

Mamba ni nyama wa joto. Mwili wake haujitengenezei moto kama wetu; anaupokea kutoka jua na maji. Kwa hiyo hapendi milima yenye baridi. Ziwa Kivu nalo halina mamba, na watoto wa Goma na Sake wanaoga humo bila kumwogopa. Lakini mtu wa Masisi asiseme: «Basi mambo hayo hayanihusu.» Maji anayoyachezea yeye huko juu ndiyo yatakayokunywewa huko chini. Kilima kikikatwa miti yote, kinamasi kikichimbwa mitaro na kukaushwa, mvua moja kubwa inateremsha udongo mpaka Oso na Lowa. Mlima na bonde ni nyumba moja yenye vyumba viwili.

II. Mamba wetu ni wa namna tatu

Kwanza tuondoe kosa moja. Katika vitabu na sinema za Wamarekani tunaona nyama anayeitwa aligeta. Aligeta anakaa Amerika ya kaskazini, na ndugu yake mdogo anakaa China. Afrika haina aligeta hata mmoja. Ukitaka kuwatofautisha, tazama kinywa kikiwa kimefungwa: jino la nne la taya ya chini la mamba linaonekana nje, la aligeta linafichwa ndani. Kazi yao katika maji, hata hivyo, inafanana sana, kama tutakavyoona.

Namna ya kwanza ya mamba wetu ni mamba mkubwa, ambaye Kilatini cha wataalamu kinamwita Crocodylus niloticus, yaani mamba wa Nili. Anaweza kufika meta 5. Tangu mwaka 2011 wataalamu wengi wanakubali kwamba chini ya jina hilo zilichanganywa aina mbili, moja ya mashariki na nyingine ya magharibi na katikati ya Afrika. Kwetu inatosha kujua kwamba huyu ni mamba wa mito mikubwa, mipana na yenye maji matulivu, kama Lualaba na midomo ya mito inayouingia. Ni huyu hasa anayekamata watu.

Namna ya pili ni mamba wa mdomo mwembamba. Wanafunzi wa Kigiriki watafurahi kusikia jina lake, Mecistops leptorhynchus: neno la kwanza linasema juu ya sura ndefu, la pili juu ya pua nyembamba. Zamani mamba wote wa mdomo huo, wa Afrika ya magharibi na wa katikati, walihesabiwa kuwa aina moja. Mwaka 2018 wachunguzi walionyesha kwamba ni aina mbili. Mdomo wake ni kama koleo la mhunzi, nao umefanywa kwa kukamata samaki. Anapenda mito ya pori yenye kivuli na miti iliyoangukia majini. Akimwona mtu, mara nyingi anazama na kujificha.

Namna ya tatu ni mamba mdogo wa pori, Osteolaemus, yaani mwenye mifupa kooni. Kwa kawaida hapiti meta 2. Ni mweusi, mdomo wake ni mfupi, na mgongo na shingo vimefunikwa magamba magumu. Aina yake ya Kongo iliandikwa na Karl Schmidt mwaka 1919, kutokana na nyama waliokusanywa kaskazini-mashariki ya nchi yetu na Lang na Chapin, waliosafiri humo tangu 1909 mpaka 1915. Mamba huyu hahitaji mto mkubwa. Kijito cha kuvukwa kwa hatua tatu kinamtosha, au kinamasi chenye maji ya magoti. Mchana analala katika shimo lake chini ya ukingo, katikati ya mizizi. Usiku anatoka kutafuta kaa, vyura, konokono, wadudu na samaki. Hamwindi mtu. Ukimshika atauma, kama nyama yeyote anavyojitetea, lakini huyu si mwuaji.

Basi neno la kwanza la kumjibu mzee aliyeinuka ni hili: usiwahukumu watatu kwa kosa la mmoja. Mtu anayemkata kwa panga mamba mdogo wa kijito, akidhani amelipiza kisasi cha mtoto aliyekamatwa Lualaba, amemwadhibu asiye na kosa.

III. Kazi yake ya kila siku

Watu wanadhani mamba anakula tu. Kweli anakula, lakini si sana. Nyama wa damu ya moto, kama chui, anatumia sehemu kubwa ya chakula chake kwa kujipasha moto. Mamba hana matumizi hayo. Mkubwa anaweza kukaa majuma na hata miezi bila kula. Kwa hiyo kwa uzito uleule anakula kidogo kuliko chui.

Tena hali chakula kimoja maisha yake yote. Mwingereza Hugh Cott alichunguza matumbo ya mamba kwa mamia katika Uganda na katika nchi inayoitwa leo Zambia, akatoa maandiko yake mwaka 1961. Aliona kwamba mtoto wa mamba anakula wadudu na buibui. Akikua kidogo anakula kaa, konokono na vyura. Halafu samaki. Akiwa mkubwa kabisa ndipo anaweza kukamata nyama wa nchi kavu. Na kati ya samaki hao, wengi ni wale wanaokula samaki wenzao. Mvuvi anamhesabia mamba samaki aliowala. Hahesabu samaki wadogo waliopona kwa sababu mla-samaki ameliwa.

Pili, mamba ni msafishaji. Nyama aliyekufa mtoni, samaki mgonjwa, kiumbe kilichochoka na kuachwa nyuma, vyote anavila. Maji ambayo watu wa vijiji vya chini watayateka yanaondolewa uozo.

Tatu, na hapa ndipo kuna jambo kubwa, mamba analisha maji. Pori letu linaonekana tajiri, lakini vijito vyake vingi ni maskini. Maji yake meusi kama chai yana chumvi kidogo sana za kulisha mimea ya majini. Pasipo mimea hakuna wadudu, na pasipo wadudu samaki wadogo hawana chakula. Mamba anakamata kaa ukingoni, panya wa maji, ndege, samaki wakubwa wapitao. Anavisaga tumboni, na mavi yake yanaanguka majini polepole, siku kwa siku. Ni samadi. Mkulima wa Masisi anajua samadi ya ng'ombe inafanya nini shambani kwake. Vivyo hivyo samadi hii inafanya kazi mtoni.

Haya si maneno ya kubuni. Mwaka 1970 Mjerumani Ernst Josef Fittkau alieleza mambo yaliyotokea katika Amazonia, nchi ya pori na mito mikubwa kama yetu. Kule kuna ndugu wa mamba wanaoitwa kaimani. Wawindaji waliwaua kwa wingi kwa ajili ya ngozi. Mtu angetazamia kwamba samaki wataongezeka, kwani mlaji wao ameondoka. Kinyume chake, katika maziwa madogo ya midomo ya mito, samaki walipungua. Fittkau alifikiri sababu ni hiyo ya samadi: kaimani walikuwa wanabakiza katika maziwa hayo maskini chakula ambacho bila wao kinapita na kwenda zake.

Na bila kufika Amazonia, tuna mfano karibu na mlango wetu. Katika ziwa Edward, ndani ya hifadhi ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925, kiboko ndiye mleta samadi. Usiku anakula majani nchi kavu, mchana anarudi majini na kuacha mavi yake humo. Katika miaka ya 1970 viboko wa Virunga walihesabiwa karibu 29,000. Vita na uwindaji viliwamaliza, hata katika hesabu ya mwaka 2005 hawakufika 1,000. Wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge waliona samaki wakipungua. Kuna sababu nyingine pia, kwa mfano nyavu za macho madogo na wavuvi wengi kupita kiasi; lakini ziwa lililopoteza samadi ya viboko elfu nyingi limepoteza chakula chake.

Nne, mamba ni mchimbaji. Katika Florida, nchi ya kusini ya Marekani, kuna kinamasi kikubwa sana kinachoitwa Everglades. Aligeta wa huko anasukuma matope na majani kwa pua, kwa makucha na kwa mkia, mpaka amefanya shimo. Wakati wa jua kali, maji yote yanapokauka, mashimo hayo peke yake yanabaki na maji. Samaki, kasa, konokono na ndege wanakimbilia humo. Aligeta anakula baadhi yao, na hiyo ndiyo kodi ya nyumba. Walio wengi wanapona, na mvua ikirudi wanakijaza tena kinamasi chote. Hata kichuguu cha majani ambacho aligeta jike anatagia mayai kinatumiwa na kasa fulani kutagia mayai yake, kwa kuwa mama mkali analinda ya wote. Mamba wetu mdogo wa pori anachimba pia, katika kingo za vijito. Kazi yake ni ndogo kuliko ya yule wa Florida, lakini ni ya jinsi ileile: mahali penye shimo, maji yanakawia.

Tano, mamba mwenyewe ni chakula. Jike wa mamba mdogo anakusanya majani, anataga mayai yasiyofika mara nyingi 20, anayafunika, na majani yakioza yanatoa joto linaloyalea karibu miezi mitatu. Mamba mkubwa anachimba mchangani na kutaga 50 au zaidi. Kenge wanafukua mayai. Ndege wakubwa na samaki wanameza watoto. Katika mayai mengi wanafikia utu uzima wachache tu. Lakini mama hawaachi. Mamba jike wa Nili akisikia sauti za watoto ndani ya mayai, anafukua mchanga, anawachukua kinywani, katika meno yaleyale yanayotutisha, na kuwapeleka majini bila kuwaumiza.

IV. Nani anamharibu?

Kwanza ni biashara. Zamani ilikuwa ngozi: katika miaka ya 1950 na 1960 ngozi za mamba wakubwa wa Afrika zilipelekwa Ulaya kwa wingi kutengeneza viatu na mifuko ya mabibi. Leo katika pori la Kongo ni nyama yake, hasa ya mamba mdogo. Kwa kuwa anaweza kuishi siku nyingi bila kula, wachuuzi wanamfunga mdomo na miguu kwa kamba na kumchukua hai kutoka soko mpaka soko, ili nyama isioze. Anayeona mzigo huo akumbuke kwamba Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2418, inafundisha kwamba kuwatesa nyama bure ni kinyume cha heshima ya mtu mwenyewe.

Pili ni matope na sumu. Watafuta-dhahabu wanapindua mchanga wa kijito, na maji yaliyokuwa meusi safi yanageuka mekundu kwa kilometa nyingi. Samaki wasioona hawapati chakula, na mayai yao yanafunikwa na udongo. Wengine wanavua kwa sumu: saa moja ya kazi, kikapu kinajaa, na kijito kinakufa kwa wadogo na wakubwa pamoja.

Tatu ni vita. Tangu mwaka 1993 watu wa Masisi na Walikale wamekimbia mara nyingi kuliko wanavyoweza kuhesabu. Mwaka 2025 vita vilifika mpaka Walikale-centre. Mama aliyekimbilia porini na watoto wanne hawezi kuulizwa juu ya mamba aliyemtia chunguni. Kanisa halimhukumu. Njaa ya mkimbizi ni jambo moja, na faida ya mfanyabiashara anayetuma wawindaji kumaliza bonde zima ni jambo jingine. Katekista ajue kuyatenganisha hayo mawili anapofundisha, asije akawatwisha maskini dhambi za matajiri.

Serikali nayo imesema. Kongo iliingia mwaka 1976 katika mapatano ya Washington ya mwaka 1973, yanayokataza kuuza nje ya nchi nyama walio hatarini. Mamba mdogo na mamba wa mdomo mwembamba wamo katika orodha ya kwanza, iliyo kali zaidi. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 inaamuru kuhifadhi viumbe vya nchi. Mwaka huohuo 2014 chama cha mataifa kinachochunguza viumbe, IUCN, kilimwandika mamba wa mdomo mwembamba kati ya wale walio karibu kabisa kutoweka. Tena kinga inaweza kufaulu. Aligeta wa Marekani aliandikwa mwaka 1967 kuwa amekaribia kutoweka. Alilindwa, na mwaka 1987 serikali ya huko ilitangaza kwamba amepona.

V. Hatari ya kweli na uwongo wa uchawi

Tusifanye kama watu wa mjini wanaosifu mamba wakiwa mbali naye. Mamba mkubwa anaua. Anayekaa kando ya mto wake ana haki ya kuogopa, na ana wajibu wa kujilinda. Mamba anajifunza desturi za watu: anakumbuka mahali ambapo mtu anateka maji kila siku saa ileile. Kwa hiyo afadhali kubadili mahali na saa; kutokwenda mtoni jioni na usiku; kutokosha samaki wala kutupa matumbo yao pale watoto wanapooga; kutosimama katika maji yanayofika kiunoni. Vijiji vingine katika Afrika vinapiga miti minene majini kufanya uzio wa mahali pa kuteka. Miti, panga na siku mbili za kazi ya watu wote zinatosha, wala hazihitaji fedha. Kijiji cha mtoni kikiwa na parokia au kapela, shauri hilo lingeweza kuanzia pale.

Lakini kuna hatari ya pili, ambayo haina meno na inaua vilevile. Mahali pengi pa Kongo, mamba akimkamata mtoto, watu hawasemi: «Ni mamba.» Wanasema: «Nani amemtuma?» Wanatafuta mchawi, na mara nyingi wanamwona katika mjane mzee asiye na mtu wa kumtetea. Anafukuzwa, nyumba yake inachomwa, wengine wameuawa. Hapo kijiji kinalia watu wawili kwa kosa la nyama mmoja mwenye njaa.

Ndugu mapadri, fratri na wakatekista, ni hapa elimu ya viumbe inakuwa kazi ya upendo. Anayejua kwamba mamba anavizia penye desturi ya kila siku. Kwamba anakuwa mkali zaidi akilinda mayai. Kwamba mto ukifurika anaingia katika vijito ambavyo kwa kawaida hayumo, huyo anaweza kusimama mbele ya umati wenye hasira na kueleza sababu. Asingoje mpaka siku ya msiba. Siku hiyo masikio yamefungwa. Afundishe mapema, watu wakiwa na utulivu.

VI. Namna ya kufundisha

Turudi sasa kwa mzee wetu. Maandiko Matakatifu hayamfichi mamba. Katika kitabu cha Yobu, sura ya 40 na 41, Mungu anamwonyesha Yobu viumbe viwili vya kutisha, Behemoti na Leviatani, na wafafanuzi wengi wanaona ndani yao sura ya kiboko na ya mamba. Mungu haombi msamaha kwa kuwaumba. Anawasifu kwa urefu, ili Yobu ajue kwamba ulimwengu haukufanywa kwa kipimo cha mtu peke yake. Zaburi ya 104, ambayo ni ya 103 katika Vulgata, inamtaja Leviatani kuwa kiumbe kilichofanywa kucheza baharini.

Mtakatifu Augustino, alipojibu Wamanikeo waliocheka kitabu cha Mwanzo, alikutana na swali lilelile: kwa nini nyama wabaya na wasio na faida? Alikiri bila haya kwamba hakujua kila mmoja wao aliumbwa kwa nini, lakini aliona kwamba kila mmoja katika namna yake ana kipimo, mpango na uzuri. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa, sehemu ya kwanza, swali la 47, anaeleza kwamba kiumbe kimoja hakitoshi kuonyesha wema wa Mungu. Ndiyo maana aliumba vingi na vya namna mbalimbali, ili upungufu wa kimoja ujazwe na kingine. Papa Fransisko alilitumia fundisho hilo katika waraka Laudato si' wa mwaka 2015, namba 86. Kijito cha Walikale ni mfano wake wa kuonekana kwa macho: kaa, kambale, majani, mamba na mvuvi, kila mmoja anashikwa na mwenzake.

Wazee wa kwetu nao walikuwa na neno. Wanyanga wanasimulia habari za Mwindo, ambazo Daniel Biebuyck aliziandika mwaka 1956 kutoka kinywani mwa mzee Rureke, na kuzitoa kitabuni mwaka 1969 pamoja na Kahombo Mateene. Ndani yake vilindi vya mto vina bwana wao, Mukiti, aliyemwoa Iyangura, shangazi yake Mwindo. Mto si mahali patupu. Una mwenyewe, na anayeingia anaingia kwa heshima. Mwisho wa hadithi Mwindo anaua joka la porini, ambalo lilikuwa rafiki wa Nkuba, yaani Radi. Nkuba anamchukua juu, anamtesa kwa baridi, mvua na jua kali, kisha anamrudisha duniani na amri ya kutoua tena nyama ovyo, hata mdogo kabisa. Shujaa anarudi akiwa mpole, na tangu hapo anatawala vizuri. Hatufundishi kwamba Radi ni mungu. Lakini katekista Mnyanga akianza somo lake na Mwindo, wasikilizaji watakuwa wamefika nusu ya njia kabla hajafungua Biblia.

Basi, mzee akiuliza tena, katekista amjibu hivi: «Baba, yule mkubwa ni hatari, nasi tutajenga uzio pamoja. Lakini Mungu hakukosea. Alimpa mamba kazi ya kusafisha maji, ya kuyalisha na kuyachimbia, nasi tunakula samaki wa kazi hiyo. Hakutumwa na jirani yako. Yule mdogo wa kijito umwache katika shimo lake. Na sumu usiitie majini, kwa sababu maji hayo yatafika kwa wengine.» Na katekista wa Masisi, asiyeona mamba kamwe, awaambie watu wake wapande miti kando ya chemchemi na kuacha kinamasi kimoja bila kukikausha. Maji yake yatashuka safi mpaka Walikale, kwa ndugu asiowajua.